Umenunua jumla na tarehe 20 jikoni kweupe? Mwongozo kamili wa manunuzi ya nyumbani kwa sisi wa Mwanza

Kila mwisho wa mwezi swali linakuja lile lile: nimefuata ushauri, nimenunua jumla, mbona tarehe 20 niko kwa mangi wa duka naandikwa tena deni kwenye daftari? Ukimchimba mtu unakuta kweli kanunua, dumu la mafuta lipo, kiroba cha sukari kipo, yaani nusu ya kazi kaifanya na hiyo nusu ndo nyepesi. Nusu ngumu inaanza mzigo ukishashuka kwenye bodaboda na kuingia jikoni. Twende hatua kwa hatua, usiruke, hasa ya 2 na ya 6, maana wengi wanaangukia hapo.

Bei nitakazotaja ni za mfano wa kupigia hesabu tu, wewe weka za mtaani kwako leo.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Mzani mdogo wa kuning'iniza, ule wa betri wenye ndoana, chukua unaobeba hadi kilo 40 au 50 maana tutaupimia mpaka mtungi wa gesi. Huu ndo ununuzi pekee wa maana kwenye mwongozo huu, na kama hela imebana changeni watu wawili watatu wa nyumba moja.

Kipimo cha mililita. Usinunue, kile kifuniko cha dawa ya kikohozi chenye mistari kinatosha kabisa, au kikombe cha plastiki chenye alama.

Daftari la kurasa chache na kalamu. Simu ni nzuri kwa kikokotoo ila kwa kuandika daftari linashinda, kwa sababu linakaa jikoni na kila mtu wa nyumba anaandika, simu inatembea na mwenyewe.

Ndoo zenye mifuniko inayobana, madumu safi makavu, na kopo moja la plastiki kwa kila chakula kikavu.

Kapu au mfuko wako mgumu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, hiyo mbadala unainunua, na ukihesabu hela ya mifuko ya mwezi mzima utakuta ingenunua kilo ya sukari.

## Hatua ya 1: Andika wiki mbili bila kubadilisha chochote

Siku 14, kila kitu kinachoingia jikoni na bafuni kiandikwe: kitu, kiasi, hela. Nyanya za mia tano, kiberiti, kipande cha sabuni, maandazi ya watoto asubuhi, vyote. Aliyetumwa ndo anaandika, mtoto karudi kutoka dukani anaandika kwanza afu ndo anaenda kucheza.

Kwa nini: gharama kubwa hazijifichi, kodi na ada kila mtu anazijua. Zinazojificha ni zile za mia mbili mia tano ambazo hakuna anayezikumbuka jioni, na kwenye nyumba nyingi za uswahilini hizo zikijumlishwa zinakula hela nyingi ya jikoni.

Angalizo: usianze kubana wiki hizi. Ukibana, daftari linakudanganya, linakuonyesha nyumba ambayo haipo.

Utajua umefanikiwa: ukichora mstari siku ya 14 unaona vitu vitatu au vinne vinavyojirudia karibu kila siku. Kwa wengi ni mafuta ya kupima, sukari, unga na dagaa au mboga nyingine. Hivyo vitatu vinne ndo kazi yako, mengine yaache kwanza.

## Hatua ya 2: Badili kila bei iwe ya kilo au ya lita

Hapa ndo watu wanachoka na hapa ndo hela ilipo.

Muuzaji anauza kwa vipimo vingi ambavyo huwezi kuvilinganisha kwa macho: fungu, kikaratasi, robo, kibaba, sado, ndoo, debe, gunia. Kazi yako ni kuvipeleka vyote sehemu moja. Njia ni moja tu, hela uliyotoa gawanya kwa uzito uliopata. Ukinunua kikaratasi cha sukari cha mia mbili ukakipima kikasoma gramu 50, kilo ina vikaratasi 20, kwa hiyo umenunua kilo kwa 4,000 wakati hapo hapo dukani kilo nzima inaweza kuwa 3,000. Mangi hajakuibia, anafunga vikaratasi usiku na anakusogezea huduma, ila ujue unamlipa kwa hiyo kazi.

Mafuta sasa. Tuseme kipimo cha 500 kinatoa mililita 70. Lita ina vipimo 14 na kidogo, yaani lita inakutoka kama 7,100. Dumu la lita 5 tuseme 27,000, sawa na 5,400 kwa lita. Nyumba inayopika mara mbili kwa siku kwa kipimo kimoja kimoja inatumia 30,000 kwa mwezi kwa mafuta ya lita 4.2 tu, na mafuta hayo hayo kwa bei ya dumu ni kama 22,700. Zaidi ya 7,000 hiyo kwa kitu kimoja. Hizi namba zikumbuke, tutazirudia hatua ya 6 na hazitakufurahisha.

Mitego ya vipimo unayotakiwa kuijua:

Sado siyo uzito. Ni kopo, na kopo lina tabia za mwenye kopo. Kuna sado imebonyezwa kitako, kuna iliyowekewa kitu chini, kuna inayojazwa kwa mkono mwepesi mpaka juu linaonekana limefurika kumbe katikati pana hewa. Sado la maharage na sado la dagaa uzito wake hauko hata karibu. Nunua kwa sado ukitaka, ila ning'iniza mzani hapo hapo. Wauzaji wakikuona na mzani wengine wananuna, wazuri hawana neno.

Mizani ya dukani inatakiwa iwe na stika ya Wakala wa Vipimo. Kama una wasiwasi beba chupa ya maji ya nusu lita haijafunguliwa, iweke juu, isome gramu 500 na kidogo za chupa yenyewe. Ikisoma 600 ondoka, hakuna haja ya kugombana na mtu.

Mafuta: lita siyo kilo. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito kama gramu 920. Dumu likiitwa la 20 uliza ni lita au kilo, maana lita 20 ni kilo 18 na ushee. Na chupa za dukani usipime kwa macho, soma mililita zilizoandikwa, ziko chupa zenye umbo la lita ambazo siyo lita.

Mtungi wa gesi. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chenyewe, karibu na mkono. Pima mtungi uliojaa, toa uzito mtupu, kinachobaki ndo gesi, na mtungi wa kilo 6 unatakiwa ubakize 6. Muuzaji anatakiwa awe na mzani wake, mwambie apime kabla hujalipa, ukishafika nyumbani kesi imekuwa ngumu.

Utajua umefanikiwa: una ukurasa mmoja wenye bei ya kilo au lita ya vitu kama kumi, na mtu akikwambia "hapa bei chee" unaweza kumjibu kwa namba.

## Hatua ya 3: Gawa vitu mafungu matatu

Siyo kila kitu kinunuliwe jumla. Ushauri wa "nunua kila kitu jumla" umewamaliza watu, nyanya zimeoza na bado dukani wanaenda.

Vya mwezi au zaidi: mahindi au unga, mchele, maharage, dagaa wakavu, mafuta, sukari, chumvi, sabuni, mkaa. Hivi havina haraka ya kuharibika ukivitunza vizuri.

Vya wiki: vitunguu, viazi, nazi, karanga, mayai, ndizi za kupika zinazotoka upande wa Bukoba. Vitunguu vikae penye hewa, usivifungie kwenye ndoo.

Vya siku mbili tatu: nyanya, mchicha, matembele, samaki wabichi, maziwa. Hapa jumla ni hasara labda uwe na friji na umeme usiokatika. Genge la jirani ndo mahali pake, na genge ukilizoea mama anakuongezea, hiyo nyongeza ya kila siku ni hela pia.

Kwenye sabuni kuna jambo dogo wengi hawalijui. Nunua mche mzima, ukate vipande mwenyewe, vipange penye hewa vikauke wiki mbili tatu kabla ya kutumia. Sabuni kavu inaisha taratibu. Ile unayonunua kipande imetoka kukatwa leo bado laini, inayeyuka kwenye beseni unaiona.

## Hatua ya 4: Pata mtaji wa kuanzia bila kukopa

"Mimi napata kwa siku, jumla nitaiweza wapi?" Hili ndo swali la haki kabisa, na mabodaboda, mama lishe na wamachinga wako wengi humu. Majibu yako mawili.

La kwanza: kitu kimoja kwa mwezi. Chagua kimoja tu, kile kinachovuja zaidi kwenye daftari lako, mara nyingi ni mafuta. Toboa kopo liwe kibubu, tia kiasi kile kile kila siku hata kama ni 500 au 1,000, mpaka kifikie bei ya dumu la lita 5. Mwezi unaofuata usinunue mafuta ya kupima, lakini ile hela ya mafuta ya kila siku iendelee kuingia kwenye kibubu. Dumu likiisha kibubu kina hela ya dumu jingine na chenji, na hiyo chenji ndo inaanza kununua sukari. Kwenye simu hela inakaa vizuri ila makato ya kutoa yanaila, kwa vihela vidogo vya kila siku kibubu bado ni baba lao.

La pili: kuchangia gunia. Majirani watatu wanne mnanunua gunia la mchele au mahindi mnagawana. Inafanya kazi sana Igoma huko, Buhongwa, Nyakato, popote penye nyumba za wapangaji wengi. Masharti ni haya na usione aibu kuyasema mapema: hela inatoka yote kabla ya safari, wanaenda wawili, mzigo unagawanywa kwa mzani siyo kwa sado, na nauli ya guta inagawanywa kulingana na kilo alizochukua kila mtu. Mkianza na "nitalipa mwisho wa mwezi" gunia linaisha na urafiki unaisha.

Angalizo: deni la mangi lisikuzuie kuanza, ila usilikimbie. Ongea naye, mlipe kidogo kidogo kila wiki na umwambie kabisa asiandike deni jipya. Mtu anayekimbia duka anaishia kununua duka la mbali kwa bei mbaya zaidi, tena gizani.

Utajua umefanikiwa: kitu kimoja kimetoka kabisa kwenye manunuzi ya kila siku na hujakopa popote.

## Hatua ya 5: Siku ya kwenda sokoni

Kabla hujatoka piga hesabu ya nauli. Ukitoka Buhongwa kwenda Kirumba ni kwenda, kurudi, na pengine bodaboda ya mzigo. Sheria yangu ni moja, kama unachookoa hakifiki angalau mara mbili ya nauli yote usiende, nunua hapo hapo mtaani au subiri orodha iwe ndefu. Kupanda daladala mbili kufuata kilo tatu za maharage ni matembezi.

Dagaa. Soko la Mwaloni Kirumba ndo penyewe, wafanyabiashara wanatoka hadi Kongo kufuata mzigo pale, na wewe wa sado mbili unauziwa vile vile ukimpata muuzaji sahihi. Ila kabla ya kwenda angalia juu. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mwanga ndo unawavuta, sasa mwezi ukiwa mkubwa taa zinazidiwa na wavuvi wengi wanapumzika siku kadhaa. Mzigo unapungua, bei inapanda. Giza likirudi mitumbwi inaingia ziwani na baada ya siku chache za kuanika mzigo unajaa. Kwa hiyo dagaa wa mwezi mzima nunua kipindi cha giza, usisubiri mbalamwezi ndo ukumbuke dagaa wameisha.

Mvua nayo ina mambo yake. Siku za mvua dagaa hawakauki, wanakuwa weusi weusi na harufu nzito, bei inashuka na watu wanafurahi. Usiweke hao, kula wiki hii hii au waache. Dagaa wa kuweka anang'aa kama fedha, ukimkunja anavunjika, na ukimtafuna mmoja hana uchungu.

Afu mchanga. Waliokaushwa chini wanakuja na mchanga, wa kwenye chanja wanakuwa safi na wana bei yao. Watu wanakimbilia wa chini kwa sababu ni rahisi. Haya, kilo ya 8,000 ukaichekecha ukapata gramu 200 za mchanga, dagaa wako ni gramu 800, yaani kilo halisi umeinunua 10,000. Wa chanja kwa 9,500 angekuwa rahisi. Chota kiganja, kung'uta juu ya karatasi nyeupe kabla ya kukubali bei.

Samaki wabichi. Sato na sangara wadogo sana wanaouzwa kwa kificho achana nao, sato chini ya sentimita 25 na sangara chini ya 50 ni haramu kisheria na ukikutwa nao hasara ni yako. Kama kitoweo kimepanda, mapanki ya sangara, yaani vichwa na mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, bado ni mchuzi wa heshima, ila nunua asubuhi, mashavu mekundu, na upike siku hiyo hiyo. Wanaoyadharau wanajua wenyewe wanachokosa.

Mchele. Uliza ni wa msimu huu au uliopita. Mchele mpya unashikana na hauvimbi sana, wa zamani unachukua maji mengi na sufuria inajaa, kwa familia kubwa huo ndo unafaa. Kwa vitumbua na uji nunua chenga, bei iko chini na kazi ni ile ile. Ukipata mpunga kutoka kwa ndugu Magu, Sengerema au Misungwi, kumbuka kilo 100 za mpunga hazitoi kilo 100 za mchele, zinatoa kama 60 hadi 67 kulingana na mpunga wenyewe na mashine. Jumlisha usafiri na kukoboa ndo ulinganishe na bei ya sokoni. Mara nyingine ndugu ana bei ghali kuliko soko, mwambie kwa upole.

Mahindi na unga. Kununua mahindi na kupeleka mashine karibu siku zote kunashinda unga wa kiroba, lakini hesabu pumba. Ukikoboa sembe uzito unaweza kupungua hata robo, ukisaga dona karibu mahindi yote yanarudi. Pumba ni zako, usiziache mashineni, wafuga kuku wa mtaani wananunua. Nyumba zinazokataa dona, jaribu kuchanganya nusu kwa nusu bila kutangaza, wengi hawajui mpaka uwaambie.

Msimu. Bei ya nafaka inakuwa chini wiki za baada ya mavuno na inapanda kuelekea mavuno mengine. Kwetu kanda ya ziwa mpunga na mahindi ya masika yanajaa sokoni katikati ya mwaka. Hapo ndo pa kujaza gunia, maana Januari ina ada, daftari na sare, na mchele wa Januari haukusubiri. Mkaa pia nunua gunia wakati wa kiangazi kabla njia hazijaharibika, na usinunue gunia lililonyeshewa. Mimina kidogo uone kama ni mkaa au vumbi lililofunikwa na mkaa mzuri juu.

Utajua umefanikiwa: umerudi na vilivyoandikwa tu, na kila bei ya kilo iko chini ya ile ya ukurasa wako hata ukishajumlisha nauli.

## Hatua ya 6: Weka kipimo ndani ya nyumba

Turudi kwenye mafuta. Ukinunua kwa kipimo cha 500 unatumia mililita 70 kwa sababu ndo uliyonayo, ikiisha imeisha. Sasa dumu la lita 5 liko jikoni, mkono unainamisha, nani anahesabu? Ile 30,000 uliyokuwa unatumia kwa mwezi ukiigawa kwa 5,400 unapata lita 5.5 hivi. Yaani ukifika matumizi ya lita tano na nusu umerudi pale pale, faida yote imekaangwa. Na kufika huko siyo ulafi. Ni kutoka mililita 70 hadi 92 kwa kila mpiko, tofauti ya kijiko kimoja na nusu cha chakula. Ukimwaga zaidi ya hapo unatumia hela nyingi kuliko yule jirani anayenunua vya kupima, na wewe ndo una dumu.

Hiyo ndo sababu tarehe 20 jikoni kweupe. Bei uliipata nzuri, mkono ndo ulikuwa mrefu.

Dawa yake:

1. Gawanya mzigo siku unapofika. Mafuta ya wiki moja yaingie kwenye chupa ya jikoni, dumu lifungwe likae chumbani. Sukari, mchele na unga vivyo hivyo: ndoo ndogo ya wiki jikoni, kubwa kwingine.
2. Kila chakula kiwe na kopo lake ndani ya ndoo. Pika mara moja kwa kupima, watu washibe, andika ni makopo mangapi. Hiyo ndo namba ya nyumba yako, usichukue ya jirani.
3. Mafuta yapimwe kwa kile kifuniko cha dawa, siyo kwa jicho. Mpikaji atalalamika siku za mwanzo, na kama ni mama mkwe au shangazi aliyekuja kukaa nendeni naye taratibu, mwachie chupa ya wiki na umwombe tu iishe Jumapili.
4. Chai itiwe sukari kwenye chupa ya chai au sufuria, siyo kila mtu na kijiko chake.
5. Ndoo ya wiki ikiisha Ijumaa, usiguse ile kubwa. Malizia kwa kingine kilichopo, viazi, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), muhogo, na ujue wiki hiyo kopo lilikuwa linafurikishwa.

Angalizo: usibane chakula cha watoto ili namba zikae sawa. Kipimo ni cha kushibisha, kinachozuiwa ni kinachomwagika, kinachotupwa na ukoko unaobaki kwa sababu mtu alipika kingi akihofia hakitatosha.

Utajua umefanikiwa: ndoo ya wiki inaisha siku ya saba, au inabaki kidogo.

## Hatua ya 7: Tunza mzigo usiliwe na wengine

Ukinunua gunia umefungua hoteli ya fukusi na panya. Mambo ya msingi ni ukavu na kufunga hewa.

Nafaka na maharage yaanike juani kwenye turubai kabla ya kufunga, siyo chini kwenye udongo. Hindi kavu ukilitafuna linalia kwa kishindo, likiwa laini bado. Mahindi yaliyofungwa na unyevu yanaota ukungu na ukungu unaleta sumukuvu, sumu ambayo kupika haiitoi, kwa hiyo yenye ukungu usijaribu kuosha na kusaga.

Kwa kuweka miezi mingi tafuta mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani na mmoja wa kiroba nje. Kila mmoja unafungwa peke yake kwa nguvu, wadudu wanakosa hewa wanakufa bila dawa. Usiufungue fungue kila siku, toa ya mwezi mara moja ufunge. Na ukague nailoni kwanza, tundu moja limeharibu kila kitu.

Dagaa wakae kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, waanike tena juani mara moja moja hasa kipindi cha mvua. Gunia lolote liinue juu ya mbao au matofali, lisiguse sakafu wala ukuta.

## Hatua ya 8: Hesabu ya mwisho wa mwezi

Fanya siku moja kabla ya manunuzi mapya. Pima kilichobaki, toa kwenye ulichonunua, gawanya kwa siku. Linganisha na zile wiki mbili za mwanzo, kitu kwa kitu.

Bei ya kilo ikishuka lakini hela yote iko vile vile, tatizo ni hatua ya 6, rudi kwenye kopo. Bei ya kilo haijashuka, tatizo ni hatua ya 5, badili soko au siku ya kwenda. Vyote vimeshuka, chukua kilichookolewa ununue mzigo wa kitu cha pili kwenye orodha, na usiongeze cha tatu mpaka cha pili kikae mwezi mzima.

Mwezi wenye wageni, msiba au sherehe uandike hivyo hivyo pembeni, "wageni wanne siku tisa", usije ukalaumu kopo bure na kuanza kubadilisha vipimo ambavyo vilikuwa sawa.